Safari ya Kiwanja cha Wilson

Msomaji wangu, bila shaka umekwisha kufundishwa habari za ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, ambao tarehe 17 Desemba 1903 waliipandisha hewani eropleni yao ya mbao na kitambaa. Mruko wa kwanza ulidumu sekunde 12 tu, na umbali wake haukupita mita 37. Mtoto mwepesi wa miguu angeukimbia kwa muda mfupi kuliko huo. Habari hii imo katika somo la historia, pale tusomapo maendeleo ya usafiri. Wanafunzi huiimba kama wimbo siku chache kabla ya mtihani, kisha huisahau. Mimi nalikuwa mwalimu wa kuimbisha namna hiyo, katika shule moja ya kutwa karibu na Kinoru, mjini Meru.

Katika chuo cha ualimu tulifunzwa kuwa safari ya mafunzo huzaa kuliko mihadhara kumi. Tuliambiwa kwamba mwalimu anayeiandaa hana budi kujiuliza maswali mawili: wanafunzi watatazama nini, na watarudi na nini. Swali la tatu, yaani nani atakayebaki nyuma, halikuwamo katika daftari langu.

Nchi nyingine zina majumba makubwa ya kuhifadhi eropleni za zamani. Ile ya ndugu Wright imewekwa Washington, katika makumbusho ya Smithsonian. Walakini kabla ya kufika huko ilikaa ugenini London tangu 1928 hata 1948. Wakuu wa Smithsonian walikuwa wameshikilia kwamba mashine ya Samuel Langley, aliyepata kuwa mkuu wao, ndiyo ya kwanza iliyokuwa na uwezo wa kuruka na mtu, ingawa ilipojaribiwa mwaka 1903 ilitumbukia mtoni. Orville alikasirika, akaipeleka eropleni yake Uingereza. Wale wakuu wakaja kukiri kosa lao mwaka 1942. Na eropleni iliporudi kwao, mwenyewe amekwisha kufariki miezi kadhaa kabla. Naliwasimulia wanafunzi kisa hiki darasani, wakakipenda kuliko tarehe zote. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kumbe hata vitu vya makumbusho hugombewa?" Nikamjibu kwamba hugombewa sana.

Washington ni mbali na Kinoru, nami sikuwa na jumba la namna hiyo la kuwapeleka. Nikaazimia kuwapeleka Nairobi, kwenye kiwanja cha Wilson, maana kiwanja kile chenyewe ni historia. Mwaka 1929 bibi mmoja wa Kizungu, Florence Kerr Wilson, alianzisha hapo Nairobi kampuni ya ndege, akianza na kieropleni kidogo kiitwacho Gipsy Moth. Kampuni ilisitawi mpaka vita vya 1939 vilipozuka, ndege zake zikachukuliwa kwa kazi ya vita. Kiwanja kilikuwa kikijulikana kwa jina la Nairobi West. Tangu 1962 kikaitwa Wilson kwa kumkumbuka bibi yule. Hapo ndipo yalipo makao ya Madaktari Warukao, waliotokana na shirika lililoundwa mwaka 1957, na ndege zao zimewafikia wagonjwa wengi mahali pasipo njia. Nikaongeza na habari za Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, akajifunza urubani papa hapa Kenya, na mnamo Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, zaidi ya saa ishirini hewani, akaangukia kwenye matope ya Kanada akiwa mzima. Niliyaandika yote ubaoni kwa chaki ya rangi mbili. Nalijiona mwalimu hodari.

Gharama ilikuwa shilingi 1,200 kwa kila mwanafunzi, nauli na chakula. Darasa la Kidato cha Pili lilikuwa na wanafunzi 41. Siku ya mwisho 38 walikuwa wamelipa. Wale watatu niliwaachia kazi ya kunakili ramani ya njia za ndege za Afrika, nikawaambia kwa upole kwamba safari nyingine itakuja. Mmoja wao nitamwita Mwenda, ingawa si jina lake. Alinijibu, "Sawa, Mwalimu," akatazama chini. Sikuuliza neno zaidi.

Tuliondoka saa kumi ya alfajiri, mwezi wa Juni 2023. Kulikuwa na ukungu, Mlima Kenya haukuonekana hata kidogo. Tulipokaribia daraja la Nithi wasichana walinyamaza, wengine wakaomba, maana kona za mahali pale zimeua watu wengi na kila mtu wa Meru anazijua. Mwea tukaliona jua juu ya mashamba ya mpunga, na nyimbo zikaanza.

Sitakuchosha kwa maelezo ya foleni ya magari ya Thika. Huko Wilson tuliruhusiwa kuingia katika banda moja la mafundi. Fundi mkuu, mzee mwenye mikono myeusi kwa mafuta, aliwaacha wanafunzi waguse rafadha na kuchungulia mtambo uliofunguliwa. Aliwauliza kama kuna aliyetoa mkono dirishani mwa basi asubuhi ile. Waliotoa wakaogopa kusema, kwa kuwa naliwakataza. Yule mzee akacheka, akasema, "Ukiuinamisha mkono kidogo, hewa huusukuma juu. Bawa ni mkono huo, ila limetengenezwa vizuri." Kisha akaeleza kwamba Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi, jua likiwa kali adhuhuri huwa nyepesi zaidi, na ndege iliyosheheni mzigo hulazimika kukimbia mwendo mrefu kabla ya kuinuka. Kwa hiyo marubani wengi hupenda kuondoka asubuhi. Katika miaka yote ya kufundisha, mimi sikupata kulieleza jambo hilo vizuri kama alivyolieleza yeye kwa dakika tano.

Jumatatu nilikusanya insha. Nyingi zilikuwa nakala ya ubao wangu: Wilson 1929, Markham 1936, Madaktari 1957. Wanafunzi walikwenda kilomita mia mbili na zaidi wakarudi na chaki yangu. Nikiwa nazirudisha darasani, Mwenda akanyosha mkono.

"Mwalimu, waliona mahali pa kupakia miraa?"

Hakuna aliyeona. Hakuna aliyekuwa ameambiwa atazame, na kwa kweli mimi mwenyewe sikufikiri.

Nikamwambia asimulie. Akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu aje shuleni kwetu akazungumza bila kutetemeka. Kwao ni Laare, katika milima ya Nyambene. Hapa Kinoru alikaa kwa mjomba wake. Alieleza jinsi miraa inavyochumwa asubuhi, ikafungwa vibunda na kuvikwa majani ya migomba isikauke, maana baada ya siku mbili hivi huwa haina thamani. Alieleza juu ya pikapu zinazoteremka kwa kasi ya kutisha kuelekea Nairobi ili kuiwahi ndege. Kwa miaka mingi eropleni ziliichukua kutoka Wilson kwenda Somalia, na nyingine zikaipeleka Ulaya, mpaka Uingereza ilipoipiga marufuku mwezi Juni 2014. Mwezi Machi 2020 Somalia nayo ikazizuia ndege za miraa, na zuio likadumu hata Julai 2022.

"Ndege zilipokoma," akasema, "nyanya yangu alikaa na miti na hakuwa na mnunuzi. Karo ya wakati ule bado tunailipa."

Darasa likawa kimya. Mimi pia.

Usidhani, msomaji, kwamba nakuhimiza kutafuna miraa. Mimi siipendi, imewaharibia wengi usingizi, na wengine imewamalizia mshahara. Lakini historia ya usafiri wa anga niliyokuwa nikiitafuta Nairobi ilikuwa imeketi dawati la nyuma kabisa, na ndiyo iliyoshindwa kulipa shilingi 1,200 kwa sababu ya ndege zenyewe. Naye mtoto huyo ndiye niliyemwacha anakili ramani. Usiku ule niliichukua ramani yake. Aliinakili vizuri, kisha kwa penseli ameongeza mstari mmoja ambao haukuwamo katika kitabu, kutoka Nairobi hata Mogadishu.

Tulikwenda tena Februari 2024. Safari hii tuliweka kisanduku mezani mwangu, kila mtu akatia alichoweza bila kuandikwa jina, na wazazi wawili wakauza mahindi kutuongezea. Fedha zilipungua, nami nikajazia. Mke wangu analikumbuka hilo mpaka leo. Wote walikwenda, wakiwamo watatu wale. Sikuandika chochote ubaoni kabla ya safari, ila kila mwanafunzi alitakiwa kwenda na swali moja la kwao nyumbani.

Yule fundi mzee alitukumbuka. Mwenda alimwuliza ndege ndogo huweza kuchukua kilo ngapi, na je, mzigo ukizidi ni nani anayeamua kipi kishushwe. Wakazungumza kando muda mrefu, nikawaacha. Saa saba ya mchana, jua la Februari likiwaka, tulisimama nje karibu na ua. Ndege moja ya rafadha mbili ikasogea mwisho wa njia yake, ikageuka, ikanguruma. Sijui ilichukua nini wala ilikwenda wapi. Ilipoanza kukimbia Mwenda akashika waya wa ua kwa mikono miwili, akaanza kuhesabu kwa sauti, na wenzake wakamfuatiza. Walipofika kumi na mbili wakacheka, bado iko chini. Wakaendelea. Walipotamka ishirini na sita, magurudumu yakaiacha ardhi.