Dhahabu Iliyomo Majini

Nilizaliwa Tabaka, mahali ambapo jiwe la sabuni huchimbwa, huchongwa, kisha husuguliwa kwa msasa na maji hata likang'aa. Katika nyumba yetu fundi aliyesifiwa alikuwa baba yangu mdogo. Kiboko aliyetoka mkononi mwake ungedhani karibu atapumua. Lakini bei ya jiwe ilikuwa ndogo, na sifa ya dhahabu ya Migori ilikuwa kubwa. Akaiacha tupa yake, akaenda Macalder, penye mgodi wa zamani uliofungwa mwaka 1966, akafanya kazi pamoja na wachimbaji wadogo.

Huko walitumia zebaki. Unga wa mawe huchanganywa nayo kwa mikono mitupu. Zebaki huikamata dhahabu, na donge lao huchomwa motoni mpaka zebaki iondoke kwa mvuke. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na aliye karibu huuvuta bila kujua. Baada ya miaka sita baba mdogo alirudi. Nilimpa tupa yake. Mikono ilimtetemeka hata akavunja sikio la kiboko. Akaliweka jiwe chini, akasema, "Nimalizie wewe, mwanangu." Nilimaliza, tena vibaya.

Kwa sababu ya sikio lile nilijifunza kemia. Nikasoma kuwa mwaka 1887, katika mji wa Glasgow, John Stewart MacArthur na wenzake walipata njia ya kuyeyusha dhahabu kwa maji ya sianidi na hewa. Dhahabu ikiisha kuyeyuka haionekani tena. Je, itatolewaje majini? Migodi mingi hutumia makaa ya vifuu vya nazi. Huko Muruntau, jangwani Uzbekistani, hutumia rezini, yaani punje ndogo za mviringo mfano wa shanga, zilizotengenezwa kiwandani.

Kazi yake, msomaji, yafanana na biashara ya kubadilishana vitu sokoni. Punje imeshika chembe zenye chaji hasi, kama zile za chumvi. Dhahabu iliyoungana na sianidi nayo ina chaji hasi. Zinapokutana, punje huachilia chembe yake na kuishika dhahabu. Kisha punje huchujwa, huoshwa kwa dawa yenye asidi, dhahabu hushuka tena, na umeme huikusanya. Punje hurudi kazini.

Siku moja nilimletea baba mdogo punje chache kiganjani. Alizitazama sana. "Hii haitetemeshi mikono?" akauliza. Sikuweza kumdanganya: rezini haina neno, bali sianidi ni sumu iuayo upesi, yataka matangi imara na watu waliofunzwa, na vitu hivyo vina gharama ambayo mchimbaji wa beleshi na karai hana. Akanyamaza. Akataka kuichukua punje moja aitazame juani. Ikamponyoka vidoleni, tukaitafuta vumbini, hatukuiona.