Gesi Haiishi, Huvuja

Mtu akifungua duka la kutengeneza viyoyozi vya nyumbani pale Nyamira mjini, atakunywa chai mpaka afunge. Mji jirani wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Kebirigo na Nyansiongo, kwenye mashamba ya majani chai, unazidi kupanda na sweta inazidi kuwa na maana. Anayetaka hewa baridi hufungua dirisha. Viyoyozi tunavikuta benki na kwenye vyumba vya upasuaji, basi. Hata hivyo, mtambo uliomo ndani ya kiyoyozi umo pia jikoni mwetu, ndani ya friji: kompresa ile ile, mabomba yale yale membamba, gesi inayozunguka humo. Bili ya kuutengeneza nayo ina tabia zile zile, na mimi imenifundisha mengi kuhusu pesa kuliko semina nyingi nilizokalia.

Mama mmoja jirani yetu huuza maziwa na soda Keroka, soko lililokalia mpaka, upande mmoja Kisii na mwingine Nyamira. Friji yake ilipoacha kupoza, alikuja fundi, akaigusa nyuma, akasema gesi imeisha. Akajaza, akalipwa, akaenda. Baada ya muda maziwa yakaanza kuharibika tena. Fundi yule yule, maneno yale yale, malipo yale yale. Mama akaona ni kawaida, kwani hata mtungi wa jikoni si huisha?

Huo ndio mtego. Gesi ya kupikia inachomwa, kwa hiyo inaisha. Gesi ya friji haichomwi. Kompresa huibana, ikatoa joto lake kwenye mabomba ya nyuma, kisha ikapita kwenye kibomba chembamba, ikatanuka na kufyonza joto la ndani, halafu ikarudi ilikotoka. Njia yote imezibwa. Friji nzuri inaweza kufanya kazi miaka mingi kwa gesi ile iliyotiwa kiwandani. Kwa hiyo fundi akikuambia imeisha, amekueleza nusu ya habari. Nusu ya pili ni pale inapovujia, na asipokutafutia hapo, ujue utamwona tena.

Siku moja alikuja kijana mwingine. Kabla hajafungua mkoba alitaja bei ya kuangalia tu. Mama alichukia.

“Kijana wangu, hata macho siku hizi yanauzwa?”

“Mama, nikikuangalilia bure, nitakuuzia gesi. Lazima nile.”

Nilikuwa nimesimama hapo, na mpaka leo sijasikia mtu akieleza biashara ya ufundi kwa ukweli kama huo. Sisi huku tunapenda fundi asitoze chochote kwa kutazama, na tunadhani tumeokoa. Lakini nauli yake na nusu siku yake lazima zirudi kutoka mahali fulani, na mahali penyewe ni kwenye kipuri. Ndiyo maana fundi anayeangalia bure mara nyingi hukuta kitu cha kununuliwa.

Mama alikubali kwa shingo upande. Kijana akaingiza naitrojeni kwenye mabomba mpaka presha ikapanda, akachukua sifongo yenye povu la sabuni, akaanza kupaka kiungo kimoja baada ya kingine. Nyuma hapakuwa na kitu. Alipofika ndani, kwenye kuta za friza, povu likaanza kutoa vipovu vidogo, kimoja, kingine, kingine, juu ya mkwaruzo ambao hungeuona usipoinama. Ulikuwa wa kisu. Mtu alikuwa akibandua barafu.

Fundi hakuishia hapo. Aliuliza barafu nyingi hivyo ilitoka wapi. Akaomba noti ya shilingi hamsini, akaifungia mlangoni, akaivuta. Ikateleza kama imepakwa mafuta. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea upande wa chini. Hewa yetu ya huku, yenye unyevu karibu mwaka mzima, ilikuwa ikiingia usiku kucha na kuganda. Mpira ukazaa barafu, barafu ikaita kisu, kisu kikatoboa, gesi ikatoka. Pesa yote ya mama ilikuwa imelipia mwisho wa mnyororo, na hakuna aliyewahi kugusa mwanzo wake. Mpira wenyewe ulilainishwa kwa maji ya moto ukarudi kukaa sawa. Tundu likazibwa, kichujio cha mfumo kikabadilishwa, hewa ikavutwa yote kwa pampu, na gesi ikapimwa kwa mizani kabla ya kuingizwa. Fundi anayejaza kwa kukisia anacheza kamari na kompresa yako, kwa sababu friji ya nyumbani hutumia gesi kidogo tu, ya kupimwa kwa gramu. Na ile gesi ya R600a iliyo kwenye friji nyingi mpya hushika moto, hivyo anayeleta tochi ya kuchomelea kabla ya kuitoa anahatarisha jiko zima.

Upande wa gharama, mpangilio ni rahisi kuukumbuka. Mpira, thermostati, relei na feni ni vitu vidogo. Kuvuja kwa gesi ni wastani. Kompresa ndiyo inayomaliza mfuko, na ikifika karibu nusu ya bei ya friji nyingine, piga hesabu upya kabla ya kusema ndiyo. Kompresa nayo huwa na kisa chake. Mchana upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na milima yetu, radi zikaanza, stima ikapotea na kurudi dakika hiyo hiyo. Kompresa inayoamshwa kabla presha ya ndani haijatulia hukwama, ikavuta umeme kupita kiasi na kuungua. Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu stima, ni bei ndogo sana ukilinganisha. Radi ikikaribia sana, hata hicho usikitegemee, chomoa.

Binamu yangu anaishi Minnesota, walikojaa Abagusii wenzetu, na nyumba yake ina kiyoyozi. Huko, anasema, fundi hulipisha kwa kufika tu, na sheria ya Marekani hairuhusu asiye na cheti kushika gesi hizo. Mwanzoni alilalamika kama mama wa Keroka. Siku hizi kinachomwudhi ni fundi asiyemwachia maandishi ya alichokuta. Gesi yenyewe ni suala la dunia. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza kuziondoa zile zilizoharibu ozoni, na makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yakaongeza zile zinazopasha dunia joto. Kilo moja ya R134a, gesi nyingine ya friji, ina nguvu ya kuzuia joto zaidi ya mara elfu moja ya kilo ya kaboni dioksidi. Kila kujaza bila kuziba kunamtoza hata asiye na friji.

Tangu siku ile ya povu naiona tabia hii ya kujaza bila kuziba kila mahali. Mtoto akishikwa na homa, tunanunua dawa ya malaria dukani kwa sababu kupimwa damu kunaonekana ni kulipia kutazamwa. Homa ikirudi tunanunua tena. Ndugu anayeomba pesa kila mwisho wa mwezi tunamtumia, na hakuna anayekaa naye jioni moja waandike pamoja zinaingia ngapi na zinavujia wapi. Kumtumia ni rahisi, tena kunatupa jina la ukarimu. Kumuuliza kunaudhi. Chama cha akiba nacho hukopesha mwanachama ili alipe mkopo wa chama kingine, na wote tunapiga makofi.

Sisemi msaada usitolewe. Mama alihitaji gesi, na hatimaye aliipata. Ninachosema ni kwamba ilipaswa kuja ya mwisho. Kwa hiyo ukimwita fundi, patana naye kwanza bei ya kutafuta, mwulize kilichosababisha hicho alichokuta, na umlipe vizuri akikuonyesha. Hata akikuambia hakuna cha kununua, mlipe. Huyo ndiye fundi wa bei nafuu kuliko wote.