Jembe la Wakosaji

Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, nilikuwa bado kijana wa shule. Chuoni tukafundishwa kuwa shamba ni darasa. Lakini nilipokuwa mwalimu mkuu hapa Hombolo, kila aliyechelewa nilimpeleka kwenye shamba la mtama kulima.

Siku moja niliuliza darasani nani angependa kuwa mkulima. Kimya. Kisha mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, jembe si la wenye makosa?"

Ndugu msomaji, nilinyamaza. Watoto wa Kigogo, wanaomjua kila mbuzi wa nyumbani kwa rangi yake, nilikuwa nimewafundisha kuona haya.

Nikaifuta adhabu ile. Kila kundi likakabidhiwa mbuzi na daftari la kuandika siku ya kuzaa, maradhi na maziwa. Mtama tukaupanda kwa mistari, wakipima nafasi kwa kamba. Hesabu wakajifunzia hapo hapo.

Lakini wale wa mwanzo ninakutana nao mnadani. Wengine huwatisha watoto wao, "Usiposoma, utalima!" Maneno hayo waliyapata kwangu.