Kadi ya Grafiki kwa Laki Tatu

Leo tuache siasa na bei ya sangara zipumzike kidogo, tuongee magemu. Najua kuna watakaosema: kijana mzima, una digrii, unaandika gazetini, bado unawaza magemu? Ndiyo, nayawaza. Wenzangu wakitoka kazini wanapitia bia mbili tatu Nyegezi. Mimi narudi zangu Mkolani nikaendeshe lori kwenye Euro Truck Simulator 2. Kila mtu na starehe yake. Shida ya starehe yangu ni kwamba inataka kadi ya grafiki, na mimi nina laki tatu tu.

Laki tatu hiyo imepatikana kwa kudunduliza, mwezi huu kumi, mwezi ule ishirini. Ikienda vibaya hakuna nyingine nyuma yake. Ndiyo maana nimekaa wiki kadhaa napiga hesabu kabla ya kutoa hata senti.

Kwanza niseme hivi: swali la "kadi gani kali?" ni swali la mwenye hela. Mwenye laki tatu anauliza "kompyuta yangu inaweza kubeba kadi gani?" Ukianza na kadi, unakuwa kama mtu anayenunua injini ya Fuso halafu ndiyo anakumbuka gari lake ni Vitz.

Wengi wetu tunatumia mitumba ya ofisini, zile Dell na HP zilizostaafu Ulaya. Yangu ni Dell OptiPlex 7010, ya mwaka 2012, ile ya kusimama. Ukifungua hiyo CPU (maana ndivyo tunavyoliita boksi zima) utaona pawa saplai ya wati 275. Haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi italishwa na ile sloti ya kwenye mazabodi peke yake, na sloti hiyo mwisho wake ni wati 75. Basi, kadi yangu imeshachaguliwa nusu, na dukani sijafika.

Sasa njoo kwa RX 580 ya AMD, ambayo kila fundi atakuambia ndiyo mali. Ilitoka mwaka 2017, ipo yenye GB 8, na ni kweli ina nguvu kuliko hizo za wati 75. Zilijaa sokoni baada ya Septemba 2022, pale Ethereum ilipobadili mfumo wake na wachimbaji wa sarafu za mtandaoni wakajikuta na makadi yasiyo na kazi. Lakini RX 580 inakula wati 185. Kwa hiyo ukiinunua unanunua na pawa saplai mpya, na laki tatu inakuwa imeaga. Halafu kuna LUKU. Tofauti ya wati 110, ukicheza saa tatu kila siku, kwa mwezi ni karibu yuniti 10. Kwa anayejibana asivuke yuniti 75 za mtumiaji mdogo, hizo si chache. Na angalia pia jina vizuri: mwaka 2018 ilitolewa RX 580 2048SP kwa soko la China, ambayo kwa idadi ya viini ni RX 570 iliyovaa shati la kaka yake.

Jambo la pili ni skrini. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni mbili. Ile ya 1366 kwa 768, ambayo wengi tunayo, ina milioni moja na kidogo. Kadi inachora nusu tu ya kazi. Kwa hiyo kadi ambayo vijana wa Ulaya wanaiita dhaifu, kwenye skrini yako ya mtumba inapumua vizuri tu. GTA V, iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, ilipendekeza GTX 660 ya GB 2. EA Sports FC 24 ya mwaka 2023 kima chake cha chini ni GTX 1050 Ti. Hatuzungumzii mambo ya ajabu hapa.

Hesabu ikanifikisha kwa watatu. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ina GB 4 na inatosha wati 75, ila Oktoba 2025 Nvidia ilitoa draiva ya mwisho ya magemu kwa kizazi chake. Kilichobaki ni viraka vya usalama hadi 2028. RX 6400 ya mwaka 2022 inakula wati 53 tu, inavutia, lakini inatumia njia nne tu za sloti, na kwenye mashine ya zamani kama yangu hizo njia nne zinaibana. Tena haina kifaa cha kusimbia video, na mimi huwa nahariri video za kazini. GTX 1650 ya mwaka 2019 ina GB 4, wati 75, na video inazimudu. Mwishoni mwa 2022 ndiyo ilikuwa kadi inayotumiwa zaidi kwenye takwimu za Steam, kwa hiyo wenye mfuko kama wangu tuko wengi duniani. Mimi nimeamua hiyo. Hakikisha tu haina tundu la waya wa ziada, maana zipo zenye nalo.

Kuna na uchakachuaji. Watu wanachukua GTS 450 ya mwaka 2010, wanabadilisha programu yake ya ndani, kompyuta inasoma "GTX 1050 Ti". Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, tangu 2018 inaweza kuzitambua kadi feki za Nvidia. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani, sema kadi ichomekwe mbele yako. Muuzaji akikataa, muage kwa heshima. Dalili nyingine ni tundu la VGA. Kuanzia kizazi cha GTX 1050 Ti Nvidia iliacha kutoa picha kwa njia hiyo, kwa hiyo ukiliona, shtuka. Na kama skrini yako ni ya VGA, tenga hela ya adapta kabisa.

Sitaki kumdanganya mtu. GTX 1650 haitakupeleka kila mahali. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 inaanzia RTX 2060 Super. Hayo nimeyasamehe. Magemu mazuri ya miaka 20 iliyopita sijayamaliza hata robo, na mengi yanashuka bei kadiri yanavyozeeka.

Nikipiga hesabu ya kadi, adapta na nauli ya mzigo wa basi kutoka Kariakoo, bado nabaki na hela ya dagaa. Kwa mtu wa mshahara wangu, hiyo ndiyo kadi kali. Usiku mwema.