Mgeni wa Masika

Kiswahili kimechukua kutoka Kiingereza maneno mawili yahusuyo malazi, na yote mawili kimeyatumia vingine kabisa. Neno hoteli, ambalo kwa wenyewe ni mahali pa kulala, kwa Waswahili limekuwa hasa mahali pa kula: mtu huingia hotelini, akanywa chai kwa maandazi, akalipa, akatoka. Neno gesti, ambalo kwa wenyewe ni mgeni, limekuwa nyumba. Hakuna mtu wa Dar es Salaam asemaye kuwa gesti amefika; husema fulani amefikia gesti. Mgeni amemezwa na paa lililomfunika. Mpenda lugha anaweza kulicheka jambo hili, lakini atakayelala katika gesti ya Temeke siku za masika ataona kuwa lugha haikukosea. Huko nyumba yenyewe ndiyo ngeni, na mwenyeji ni maji.

Si jambo geni kwa watu wa pwani kwamba hali ya hewa ndiyo ipangayo siku za mgeni. Neno msimu limetokana na Kiarabu, mawsim, na kutoka huko huko mabaharia wa Ulaya walipata jina lao la pepo za Bahari ya Hindi. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia Desemba, kusi iliyarudisha. Baina ya pepo hizo mbili mgeni hakuwa na hiari: alikaa kwa kuwa upepo wa kumrudisha kwao ulikuwa bado haujavuma. Ibn Battuta, aliyefika pwani hii mwaka 1331, ameeleza jinsi vijana wa Mogadishu walivyoviendea vyombo vilivyotia nanga wakiwa wamebeba vyakula vilivyofunikwa, kila kijana akimwendea mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule alilala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji akamsimamia katika kuuza na kununua. Ukarimu ule ulikuwa wa dhati, lakini ulikuwa pia kazi yenye kanuni na faida, na saa yake ilikuwa upepo. Ndiyo gesti ya kwanza ya Mswahili.

Gesti ya leo inayozungumzwa hapa iko Mtoni, katika wilaya ya Temeke, hatua chache kutoka barabara ya Kilwa. Ina vyumba saba, ua wenye mwarobaini mmoja, na tangi la maji juu ya nguzo za zege. Mwenyewe ni mjane wa Kipemba, mzaliwa wa Chake Chake, aliyevuka bahari na mumewe akiwa bado msichana na ambaye hadi leo wapangaji na majirani humwita Bi Mkubwa. Amekaa bara miaka mingi kuliko aliyokaa kisiwani, lakini akiulizwa kwao wapi hajawahi kutaja Temeke. Hivyo kazi yake ni ya ajabu kidogo: mgeni anayefanya biashara ya kupokea wageni. Wengi wa wateja wake ni wasafiri wa kusini, wa Kilwa, Lindi na Mtwara. Wengine ni watu wa visiwani waliokuja kununua bidhaa au kumtazama mgonjwa. Chumba ni shilingi 10,000 kwa usiku. Kila anayeingia huandikwa katika daftari: jina, kazi, atokako, aendako, tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo mvua huichezea.

Mwenye kuujua mji kwa ramani tu hatafahamu kwa nini maji yanausumbua hivi. Dar es Salaam imelala juu ya uwanda wa chini wa pwani, ukikatwa na mito mifupi. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na kushuka hadi baharini karibu na daraja la Salenda; Mto Ng'ombe unapita Tandale na Mwananyamala kabla ya kuingia Msimbazi; huku Temeke iko Kizinga na Mzinga. Wakati wa kiangazi mito hii mtu huivuka kwa hatua chache akiwa ameshika kandambili mkononi. Masika yakikolea, Machi hadi Mei, hurudi kudai mabonde yake, na humo mabondeni wako watu. Mwaka 2002 wakazi wa mkoa huu walikuwa kama milioni 2.5, sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Wengi wa walioongezeka walijenga pale walipoweza kununua, na kiwanja cha bei nafuu ni kile ambacho maji yamewahi kukimiliki.

Katika Desemba 2011, siku chache tu baada ya nchi kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, mvua zilizonyesha kuanzia tarehe 20 ziliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Tangu mwaka 2016, yalipoanza mabasi ya mwendokasi, kila Msimbazi ulipofurika pale Jangwani barabara ya Morogoro ilifungwa, na mji ukagawanyika vipande viwili: aliye Magomeni hafiki Kariakoo, ingawa anaiona.

Kwa Mtoni kuna jambo jingine ambalo watu wa visiwani watalielewa upesi. Mto Kizinga huishia katika mkono wa bahari, kwenye mikoko. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya mto hukuta bahari imejaa nayo haina nafasi ya kuyapokea, yakarudi nyuma kutafuta mahali pa kulala. Bi Mkubwa huuangalia mwezi. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, wingu likiwa zito upande wa kusi, huondoa magodoro ya vyumba vya nyuma kabla hata tone moja halijaanguka. Vijana wanaomsaidia humwona mzee wa mambo ya kale. Lakini elimu hiyo aliipata kwao, kwa watu waliokuwa wakipanga safari ya dau kwa kutazama mwezi, na haikupungua thamani kwa kuvushwa bahari.

Kinachofuata baada ya maji kuingia hakielezeki kwa ushairi. Umeme hukatika, na feni zikinyamaza mbu husikika. Shuka hazikauki, hunuka uvundo hata zikifuliwa mara mbili. Mtaa ambao vyoo vyake ni vya shimo una desturi mbaya iitwayo kutapisha: mvua kubwa ikianza, mtu hutoboa karo lake ili yaliyomo yachukuliwe na maji, asimlipe mwenye gari la kunyonya. Kwa hiyo maji yanayoingia chumbani si ya mawinguni peke yake. Mgeni akiamka usiku akatia mguu chini, hukanyaga siri za mtaa mzima. Kisha huja homa za matumbo, na watu wenye dawa ya kupulizia, na mteja anayedai arudishiwe nusu ya fedha yake, naye ana haki.

Wala ukame si nafuu. Mwaka 2006 mvua zilipokuwa haba mabwawa ya umeme yalikauka na nchi ikaingia katika mgawo. Oktoba 2022 Mto Ruvu, unaotoka milima ya Uluguru na kunywesha sehemu kubwa ya mji, ulipungua hadi maji nayo yakaanza kugawiwa kwa zamu. Wakati huo gesti hununua maji kwa madumu ya mkokoteni, na mgeni huoga kwa ndoo moja. Mwenye nyumba huiomba mvua ile ile aliyoilaani mwezi wa Aprili, akijua kwamba ikija haitauliza inatakiwa kiasi gani.

Mapema Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikuwa kinaelekea pwani ya Tanzania. Jina lenyewe lilikuwa na kejeli ndani yake, kwa maana hidaya ni zawadi. Ukanda huu hauzoei vimbunga, ingawa visiwa vinayo kumbukumbu yake: tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu kwa maelfu, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa na kuwa tangu hapo kisiwa cha karafuu. Bi Mkubwa alikuwa amesimuliwa habari hiyo utotoni kama fahari ya kwao. Safari hii hapakuwa na aliyejua nani atasalimika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, jambo ambalo hakuna aliyelilalamikia kwa sauti, maana wanaokumbuka MV Skagit iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika upepo mkali wa kusi, wanajua boti inayobaki gatini ni rehema. Jumamosi tarehe 4 kimbunga kilifika Mafia, kikapungua nguvu. Lakini mvua yake iliharibu barabara ya kusini pale Somanga, wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikakatika na Dar es Salaam.

Gesti ya Mtoni ikajaa watu wasioweza kwenda kusini wala kuvuka bahari. Alikuwamo mama wa Kilwa aliyemleta mwanawe Muhimbili na sasa anamrudisha nyumbani. Alikuwamo mchuuzi wa mitumba na marobota yake mawili. Walikuwamo vijana wawili wa Unguja. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa na maji, kwa hiyo watu wa vyumba saba wakalala katika vitano. Safu ya tarehe ya kuondoka ikaachwa tupu.

Siku ya tatu fedha za baadhi yao zilikwisha. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na methali hii ni ya haki: inamfundisha mgeni asigeuke mzigo. Lakini aliyeitunga alimkusudia mgeni mwenye uwezo wa kuondoka. Mama wa Kilwa alikwenda kwa mwenye nyumba akiwa ametanguliza kitenge kipya, akitaka kukiweka rehani.

"Bi Mkubwa, naomba unishikie hiki mpaka njia ifunguke."

"Kifunge mwanangu, mtoto asije akapata baridi," akajibiwa. "Wewe hukukaa. Umezuiwa."

Katika maneno hayo mna fikira nzima. Kukaa hulipiwa, kuzuiwa si kukaa. Hata hivyo mwenye nyumba hakuwa tajiri wala hakujifanya. Waliokuwa na uwezo waliendelea kulipa; wasio nao walilipa nusu, au walizoa tope; jembe la methali lilitolewa kweli, likawa la kuchimbulia mtaro. Mchuuzi wa mitumba alitoa mashuka kutoka katika robota lake. Chungu kikawa kimoja. Wakati huo huo bei za gesti kadhaa kando ya barabara zilipanda, na hakuna sheria iliyovunjwa. Biashara ina hoja yake: hasara ya masika ni ya mwenye nyumba peke yake, mbona faida ya masika iwe ya wote?

Hoja hiyo ilirudi kwake baada ya mvua kukatika, ikiwa na sura ngumu zaidi. Mtaa mzima ulikuwa unajaza vifusi. Hii ndiyo dawa ijulikanayo: mtu hununua malori ya kifusi, akainua ua wake, akapandisha kizingiti. Maji hayatoweki kwa hilo. Yanahamia kwa jirani ambaye bado hajainua. Nyumba iliyojengwa zamani, iliyokuwa juu, hujikuta chini ya barabara na chini ya majirani wote, bila ya kusogea hata inchi moja. Chini ya gesti ile iko nyumba ya muuza samaki mwenye watoto wadogo. Fundi alikwisha toa hesabu yake: malori manane, na maji yote ya ua yangemwangukia yule.

Bi Mkubwa hakununua kifusi. Aliwaambia vijana wainue vitanda juu ya matofali matatu, soketi za umeme zihamishwe zifike usawa wa kifua, na sakafu ya vyumba vya nyuma isakafiwe upya kwa mteremko ili maji yaingiayo mlango mmoja yatoke mwingine. Aliamua, kwa ufupi, kuyapokea. Watu walisema ameshindwa. Wengine walisema ni uzee. Masika yaliyofuata muuza samaki alipata fedha, akainua ua wake yeye.

Maji ya ua wake yakapanda kwa Bi Mkubwa. Hakuna aliyemsikia akigomba. Alikwenda kwa jirani na kijana mmoja na kamba ya kupimia, wakakubaliana kuchimba mtaro mmoja mpakani, nusu kwa gharama yake na nusu kwa ya jirani, hadi kwenye kingo za mto. Mtaro ule si mkubwa, na mvua kama za Mei 2024 zitaushinda. Lakini ni mahali pekee katika mtaa ule ambapo maji yamepewa njia na watu wawili kwa pamoja. Serikali ina mipango mikubwa zaidi, kama ule wa bonde la Msimbazi wenye fedha za Benki ya Dunia, na yafaa ifanikiwe. Ila hakuna mpango utakaomchimbia kila mtu mpaka wake.

Vitanda vya gesti ya Mtoni bado viko juu ya matofali, na mgeni mfupi hupewa kigoda cha kupandia.