Saa ya Baba Ilikuwa Inakimbia

Wasee, hii semista nimepoteza swali zima la mtihani kwa sababu ya saa ya Uswisi. Ni ya marehemu baba. Mama alinipa nilipoingia chuo, akaniambia, "Usiiuze, na usimwazime mtu." Mambo ya sevisi hakuna aliyenitajia.

Siku hiyo simu zilibaki nje, na saa ya ukutani ilikuwa imekufa kitambo. Nikaangalia mkono: dakika tano zimebaki! Nikaandika sentensi mbili za haraka, nikapeana karatasi, nikatoka. Nje, simu ikaniambia kulikuwa bado na dakika 25. Nilikuwa nimeirekebisha hiyo saa Jumapili. Kufika Jumatano, ilikuwa imetangulia zaidi ya dakika 20.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja tao. Hata hakuifungua. Aliisogeza karibu na dira, sindano ikayumba.

"Kijana, usiku unailaza wapi?"

"Juu ya spika, mzee."

Akanitazama tu.

Kumbe ndani ya saa ya aina hii kuna springi nyembamba kama unywele inayoongoza mwendo wote. Ikishika sumaku, mizunguko yake hunatana, springi inakuwa kama imekatwa fupi, na saa inaanza kukimbia. Omega siku hizi wana saa zenye springi ya silikoni, zinazostahimili sumaku ya gausi 15,000. Ya baba ni ya zamani, haina hayo maringo. Fundi aliitoa sumaku kwa kamashine kadogo, sekunde chache tu. Nikadhani tumemalizana.

Kisha akafungua mgongo. Mafuta yamekauka, raba ya kuzuia maji imepasuka. Hii mashine hupiga mara 8 kila sekunde, yaani mara 691,200 kwa siku. Nduthi ya mtaani hubadilishiwa oili kila mara, lakini saa ya baba imekaa miaka 14 bila tone, na mimi naivaa kila siku kwa matatu nikijiona. Mbaya zaidi, inaweza kuendelea kutembea vizuri huku vyuma vinalana polepole ndani. Rolex husema ipelekwe sevisi baada ya takriban miaka 10, Omega kati ya 5 na 8. Hizo si mbinu za kukutoa pesa.

Bei? Sh22,000, na hapo amenihurumia. Kodi yangu ni 9,000.

Nimeulizwa mara ngapi kama saa hizi zinafaa kuvaliwa kila siku. Zinafaa, maze, lakini usitarajie maajabu. Hata zile zenye cheti cha COSC cha Uswisi huruhusiwa kupotea sekunde 4 au kutangulia 6 kwa siku. Saa ya betri ya kawaida hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima. Kama unanunua ndio ujue saa ngapi, chukua ya betri. Na kama huna pesa ya sevisi, hiyo ya Uswisi bado hujaimudu, hata kama umeinunua keshi. Mimi nilipewa bure na bado sijaimudu.

Nimelipa nusu. Itakuwa kwa fundi mpaka mwisho wa mwezi. Mama bado sijamwambia. Mkononi nina Casio ya pinki ya dadangu, na kesho asubuhi nina mtihani mwingine.