Mkulima Hana Likizo

Mpenzi msomaji, je, umewahi kumwuliza mkulima huchukua likizo lini? Mimi nilimwuliza shangazi yangu wa Bunda. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Nilikuwa likizoni mwezi wa Julai, nikafikia Musoma kwa rafiki yangu. Mji huu umekaa juu ya rasi, na popote utembeapo Ziwa Viktoria haliko mbali. Asubuhi moja tulikwenda sokoni kununua dagaa na makopa ya muhogo. Mama muuzaji alitaja bei ya debe la makopa, nami nikaomba apunguze. Akapunguza. Nikaomba tena. Akanitazama kidogo, akapunguza tena. Nilirudi nikijisifu kwamba najua kununua.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Bunda, mwendo wa kilometa kama 70 kwa barabara ya Mwanza. Shangazi anaishi kijijini, upande wa kuelekea Hifadhi ya Serengeti. Ilikuwa tarehe 6.

"Shangazi, kesho ni Saba Saba, tutapumzika," nilimwambia.

"Sikukuu ya nani, mwanangu?" akauliza.

Zamani Saba Saba ndiyo iliyokuwa sikukuu ya wakulima. Siku hizi siku yao ni Nane Nane, tarehe 8 Agosti. Lakini kwa shangazi zote mbili ni siku za kazi. Alfajiri nilipoamka, yeye alikuwa amekwisha kufagia uwanja na kukamua ng'ombe. Tukaenda kuchuma pamba. Pamba huchumwa kwa mkono, kitumba kimoja kimoja, na pamba safi hutengwa na ile fifi, maana ukichanganya bei hushuka. Kabla ya saa nne mgongo wangu ulikuwa umekataa. Shangazi aliendelea hadi jua la utosi, kisha akaenda kuteka maji na kupika.

Usiku nao haukuwa wa kulala. Huku tembo hutoka hifadhini wakaingia mashambani mtama unapokomaa, na kundi moja laweza kumaliza jasho la msimu mzima kwa usiku mmoja. Wanaume na vijana walikesha kwenye vibanda na tochi zao, wakipiga madebe. Shangazi alikaa macho nyumbani, akisikiliza kama vijana wake wako salama.

Ikafika Jumapili. Maksai hawakufungwa kwenye tela. "Leo wanapumzika," mume wa shangazi alinieleza. Nilifurahi kusikia hivyo, mpaka nilipomwona shangazi akipita na ndoo ya tatu kichwani, kabla ya ibada. Akina mama wenzangu, amri ya Mungu ya kupumzika ilimkumbuka mtumishi, ikamkumbuka hata mnyama. Sisi tumemkumbuka ng'ombe, tukamsahau mama!

Mchana huo niliwaita vijana wawili wa shangazi tukagawana kazi: mmoja maji, mmoja kuni, mimi jikoni. Hawakubisha. Shangazi aliketi kwenye mkeka chini ya mwembe, akisema atapumzika kidogo tu. Alilala pale pale, kitenge kikiwa kimemfunika miguu, hadi jua likapungua.

Wakati wa kurudi nilipita Butiama. Mwalimu Nyerere alipostaafu urais mwaka 1985 alirudi hapa kijijini kwake akalima, na hapa ndipo alipozikwa mwaka 1999. Kila tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka, maofisi hufungwa nchi nzima. Lakini kwa majirani zake wakulima huo ni wakati wa mvua za vuli, na mvua haisubiri sikukuu ipite.

Njiani niliona makopa yameanikwa juu ya miamba mikubwa, na mama mmoja akiyageuza. Ndipo nilipohesabu. Muhogo hukaa ardhini miezi mingi, hupaliliwa, hung'olewa, humenywa, huanikwa siku kadhaa mtu akiangalia mawingu, kisha hubebwa hadi sokoni. Na mimi nilikuwa nimeomba punguzo mara mbili.

Msomaji, kumshukuru mkulima si maneno ya jukwaani tu. Ukienda likizo kijijini, usikae kama mgeni wa hoteli. Shika ndoo au jembe. Wafundishe watoto wa kiume kwa wa kike kazi za nyumbani, ili mama apate siku yake. Na sokoni, kumbuka mgongo ulioinama.

Niliporudi Musoma nilimtafuta yule mama wa makopa. Nilichukua debe jingine na kumlipa bei aliyoitaja, bila neno. Alizihesabu fedha mara mbili, kisha akaniuliza, "Dada, leo hupunguziwi?"

"Leo hapana, mama," nikamjibu. "Ahsante kwa kazi."